Mstari Mmoja katika Kitabu cha Ubatizo



Wapendwa waseminari na waamini wenzetu, tunawaandikia tukiwa mbali na nyumbani, sisi mume na mke, watoto wa bonde la Kilombero. Mke alizaliwa Uchindile, kule juu ambako reli ya TAZARA hupanda kutoka Mlimba kuelekea Makambako kwa madaraja na mahandaki. Mume ni mtu wa Ifakara mjini. Alisoma miaka minne katika seminari ndogo ya Kasita kabla ya kutambua kwamba Mungu alimwitia maisha ya ndoa. Kwa sasa tunaishi Minnesota, Marekani, ambako mke anafanya kazi ya uuguzi.

Frateri mmoja aliyetusikia tukisimulia habari hii wakati wa likizo alituomba tuiandike. Alisema wapo wenzake wanaoona kujaza vitabu vya parokia ni kazi ya ukarani inayowachelewesha kwenye kazi ya kweli ya kichungaji. Hatuna elimu ya kuwafundisha mambo ya uchungaji. Tunaweza tu kueleza jinsi mstari mmoja ulioandikwa na padre mwaka 1985, katika kigango ambacho wengi hawajapata kukisikia, ulivyosimama upande wetu mbele ya afisa uhamiaji miaka thelathini na mitatu baadaye.

Barua iliyouliza habari za kuzaliwa

Tulifika Marekani mwaka 2013. Mke alikuja kusomea shahada ya uuguzi, mume akaja kama mwenzi wa mwanafunzi. Masomo yalipokwisha, mke alipata mwajiri aliyekuwa tayari kumwombea ukaazi wa kudumu, na kwa sheria za kule ombi hilo humbeba pia mume. Aprili 2017 tulijaza fomu iitwayo I-485, kila mmoja ya kwake. Tukaambatanisha vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, majibu ya daktari na ada, halafu tukaenda kuchukuliwa alama za vidole.

Wakati huo wengi waliopitia njia ya ajira walikuwa wakijibiwa kwa barua bila kuitwa kuhojiwa. Mwaka huohuo utaratibu ulibadilika. Ikatangazwa kwamba kuanzia Oktoba 2017 waombaji wa njia hiyo nao wataitwa, yaani wale walioleta maombi yao tangu tarehe 6 Machi 2017. Sisi tulikuwa tumechelewa siku hiyo kwa mwezi mmoja na kitu. Tukajua kwamba tutaitwa.

Kabla ya mwito kufika, ilikuja barua nyingine mwezi Julai. Ilisema kwamba cheti cha kuzaliwa cha mke kimeandikishwa miaka ishirini na miwili baada ya yeye kuzaliwa, hivyo peke yake hakitoshi. Tulitakiwa kuleta ushahidi mwingine ndani ya siku 87. Ushahidi huo uliorodheshwa. Wa kwanza ulikuwa kumbukumbu ya Kanisa: hati yenye muhuri, inayoonyesha kwamba mtoto alibatizwa ndani ya miezi miwili tangu kuzaliwa, ikiwa na tarehe na mahali alipozaliwa, tarehe ya ubatizo na majina ya wazazi. Tena zilihitajika hati za kiapo za watu wawili waliokuwepo na wanaojua habari hizo wao wenyewe.

Tulipofika kwenye maneno "miezi miwili" tulitazamana. Anayejua kigango cha mlimani anajua kwamba padre hafiki kila Jumapili. Wapo watoto waliongoja ubatizo mpaka wakatembea.

Jinsi mtu wa Uchindile alivyoandikwa

Mke alizaliwa nyumbani, mikononi mwa mkunga wa jadi, tarehe 16 Aprili 1985, masika yakiwa yamekolea. Hapakuwa na karatasi ya hospitali. Ofisi ya kuandikisha vizazi ilikuwa mbali wilayani, na hakuna mama aliyekuwa tayari kubeba kichanga safari nzima kwa ajili ya karatasi ambayo hakuna aliyekuwa akiiuliza. Watoto wa pale walijulikana kwa wazazi wao, kwa majirani na kwa Kanisa, na hiyo ilitosha.

Ilitosha mpaka mwaka 2007, alipohitaji pasipoti. Ndipo akaandikishwa kizazi akiwa mtu mzima. Tuliozaliwa vijijini wengi tunaufahamu utaratibu huo: unapeleka cheti cha kumaliza shule, unapeleka cheti cha ubatizo ukiwa nacho, unapata cheti cha kuzaliwa. Yeye alipeleka cheti cha shule peke yake, kwa kuwa ndicho alichokuwa nacho mkononi. Katika ofisi moja karani aliandika "Ifakara" mahali pa kuzaliwa, bila kuuliza. Jina la ukoo akalinakili kutoka kwenye cheti cha shule, ambako mwalimu fulani alikuwa ameweka herufi r mahali pa l.

Kwa mtu wa kwetu hilo si jambo la kushangaza. Katika lugha zetu za nyumbani sauti hizo mbili hazitenganishwi kama katika Kiswahili, na kila anayeshika kalamu huandika anavyosikia. Mwenye jina huitika, maisha yakaendelea. Lakini kwenye meza ya mtu asiyekujua, herufi moja inaweza kukufanya watu wawili.

Mwalimu, paroko na kitabu

Tulimpigia simu bibi, mama mkubwa wa mke, ambaye bado yupo Uchindile. Baada ya salamu za "Kamwene" na habari za shamba, tulimuuliza kama anakumbuka mtoto huyu alibatizwa lini. Hakusita. "Sikukuu ya Utatu," alisema. "Treni ilichelewa, padre akateremka usiku wa Jumamosi na sanduku lake la Misa. Mama yako alikuwa ametoka ndani wiki ileile. Tukasema, huyu naye abatizwe, nani anajua padre atarudi lini."

Tulitafuta kalenda ya mwaka 1985. Pasaka ilikuwa tarehe 7 Aprili, kwa hiyo sikukuu ya Utatu Mtakatifu iliangukia tarehe 2 Juni. Tangu kuzaliwa zilikuwa zimepita siku 47. Kama bibi alikumbuka sawasawa, tulikuwa ndani ya miezi miwili na wiki mbili za ziada. Lakini kumbukumbu ya bibi haina muhuri. Ilibidi kitabu kiseme chenyewe.

Katekista wa kigango, ambaye sote tunamwita Mwalimu, alikubali kwenda parokiani. Kwa neema ya Mungu ilikuwa kiangazi na njia zilipitika. Alisafiri kwa pikipiki, akalala njiani, akafika ofisini kwa Baba Paroko asubuhi. Walifungua kabati la vitabu vya zamani. Vingine vilikuwa vimeguswa na mchwa kwenye kingo. Kitabu cha mwaka 1985 kilikuwa kizima, na mwandiko wake ulikuwa wa mmoja wa Wakapuchini kutoka Uswisi waliolihudumia eneo letu miaka hiyo: mdogo, umelala upande wa kulia, wino mweusi. Mstari ulikuwepo. Jina la mtoto, la baba, la mama, la mama wa ubatizo. Amezaliwa Uchindile tarehe 16 Aprili. Amebatizwa tarehe 2 Juni. Na jina la ukoo lilikuwa na l.

Hapo ndugu yetu mmoja, kwa upendo kabisa, alimwendea Baba Paroko na ombi. Alisema, kwa kuwa pasipoti na cheti cha kuzaliwa vina r na vinasema Ifakara, je, cheti cha ubatizo kisiandikwe vivyo hivyo ili karatasi zote zikubaliane? Ni herufi moja tu, nani atadhurika?

Baba Paroko alitupigia simu mwenyewe usiku ule. "Wanangu," alisema, "kitabu hiki si changu. Nimekikuta na nitakiacha. Nitawaandikia kilichomo, herufi kwa herufi. Halafu nitaandika barua ya kueleza kwa nini karatasi zenu zinatofautiana. Ukweli ukielezwa unaeleweka. Uongo ukielezwa unahitaji mwingine."

Kulilala neno hilo usiku ule halikuwa rahisi. Kazi, nyumba ya kupanga, shule ya mtoto, vyote vilining'inia kwenye karatasi hizo. Karatasi zinazokubaliana zilionekana salama zaidi kuliko karatasi za kweli zinazogombana. Lakini uamuzi haukuwa wetu, na sasa tunamshukuru Mungu kwamba haukuwa wetu.

Alituma vitu vitatu: cheti cha ubatizo chenye muhuri wa parokia, nakala ya ukurasa wenyewe wa kitabu aliyoithibitisha kwa sahihi yake, na barua fupi ya aya mbili. Aya ya kwanza ilieleza habari ya l na r. Ya pili ilieleza kwa nini ukurasa wa zamani una muhuri wa Jimbo la Mahenge na cheti kipya kina jina la Jimbo la Ifakara: parokia ilikuwa ileile, lakini tarehe 14 Januari 2012 Baba Mtakatifu Benedikto XVI aliliunda Jimbo la Ifakara kwa kulimega Jimbo la Mahenge. Kwa hiyo mke alibatizwa miaka ishirini na sita kabla jimbo lililompa cheti halijazaliwa.

Bibi na mama wa ubatizo waliteremka mpaka Ifakara kuapa mbele ya wakili. Bibi hajui kuandika, akaweka dole gumba. Mwalimu aliwasindikiza. Bahasha ikapanda basi mpaka Dar es Salaam, ikapanda ndege, ikatufikia zikiwa zimebaki siku 19. Rafiki anayejua lugha zote mbili alitafsiri kila neno kwa Kiingereza, hata vichwa vya safu vilivyochapwa kwa Kilatini, akatia sahihi kwamba tafsiri ni kamili, kama inavyotakiwa. Tukatuma, tukangoja.

Mkono wa kuume juu

Tuliitwa Februari 2018, asubuhi ya theluji. Tulimwacha mtoto kwa jirani, tukafika saa nzima kabla ya wakati. Mlangoni unavua mkanda na kupitisha mkoba kwenye mashine kama uwanja wa ndege. Ndani ni chumba kikubwa cha viti, watu wa mataifa mengi, kila mmoja na faili lake mapajani, na wote wanazungumza kwa sauti ya chini kama watu wanaosubiri kuungama.

Afisa alikuwa mama wa makamo. Kabla hatujakaa alituambia tuinue mkono wa kuume, tuape kwamba tutasema kweli. Kisha akaanza na fomu. Maswali mengi ni ya ndiyo na hapana. Umewahi kukamatwa? Umewahi kusema uongo ili kupata viza? Umewahi kubeba silaha katika kundi lolote? Unakusudia kuwa na wake wengi ukiwa Marekani? Hapo mume alikaribia kutabasamu, akajizuia. Afisa alikuwa na sababu ya kuuliza. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya mke mmoja na ya wake wengi, na maelezo yetu ya ndoa yanataja aina yake. Tulimweleza kwamba kwetu padre akifungisha ndoa kanisani anaifungisha pia kwa sheria ya nchi, na kwamba ndoa yetu ni ya mmoja kwa mmoja mpaka kifo. Akaandika.

Kisha akafika kwenye kuzaliwa. Akamwomba mke alitaje jina la kijiji na kuliandika herufi kwa herufi. Akapanga karatasi mezani kwa safu: cheti cha kuzaliwa, pasipoti, cheti cha ubatizo, nakala ya ukurasa. Akaweka kidole kwenye r, akaweka kingine kwenye l. "Hizi ni familia mbili?" Tukaeleza. Akaweka kidole kwenye Ifakara, kingine kwenye Uchindile. Tukaeleza tena. Akaonyesha mihuri miwili ya majimbo mawili. Tukamwomba asome barua ya paroko. Aliisoma, akairudia, akaiweka juu ya nyingine zote.

Tulidhani amemaliza. Kumbe alikuwa ameona kitu ambacho sisi hatukukitilia maanani. Kwenye nakala ya ukurasa, pembeni kabisa mwa mstari wa mke, kulikuwa na maneno machache kwa mwandiko mwingine na wino wa bluu. Akauliza ni nini. Tafsiri ilisema kwamba mtu huyu alifunga ndoa tarehe 26 Julai 2008, jina la parokia ya Dar es Salaam, na jina la mume.

"Nani aliandika hapa?" aliuliza.

Padre aliyekuwa parokiani wakati ule, tulisema, baada ya kupata taarifa kutoka parokia tuliyofungia ndoa.

"Mlimwomba aandike?"

Hapana. Hatukujua kwamba imeandikwa.

"Basi kwa nini aliandika?"

Mume alitafuta maneno. Akasema kwamba ndiyo desturi ya Kanisa: ukifunga ndoa, habari inarudishwa ulikobatizwa, iandikwe kando ya jina lako. Afisa akachukua cheti chetu cha ndoa, akalinganisha tarehe, akalinganisha jina la mume, akalinganisha jina la parokia. Hakusema neno. Aliweka alama ya vema mara mbili, moja kwenye fomu ya mke na moja kwenye fomu ya mume. Mke ndiye aliyekuwa na mashaka ya kuzaliwa, lakini mstari wake ulikuwa umeshuhudia ndoa ya wote wawili.

Hakutupa jibu siku hiyo. Alisema uamuzi utakuja kwa posta. Baada ya wiki tano zilifika bahasha mbili, na ndani ya kila moja kadi ya ukaazi wa kudumu, ya miaka kumi.

Shahidi asiyejua kwamba ni shahidi

Tumelifikiria jambo hili mara nyingi tangu siku ile. Kwa nini maneno machache ya wino wa bluu yalikuwa na nguvu kuliko faili letu lote? Picha za harusi tulikuwa nazo. Mkataba wa nyumba wenye majina yetu wawili tulikuwa nao. Lakini vitu hivyo tulivikusanya sisi, kwa ajili ya siku ile. Maneno ya pembeni yaliandikwa miaka tisa na zaidi kabla, na mtu ambaye hakutujua, asiyepata faida yoyote, asiyefikiria Marekani wala uhamiaji. Aliandika kwa sababu Kanisa lilimwambia aandike. Ushahidi ulioandikwa kabla ya kuhitajika hauna sababu ya kudanganya.

Na kama Baba Paroko angekubali lile ombi la herufi moja? Cheti kingekuwa na r, ukurasa wa kitabu ungekuwa na l, na afisa aliyekuwa akilinganisha kila kitu kwa vidole viwili angeuona mkono wa mtu ukibadilisha. Tangu hapo hata yaliyo ya kweli yasingeaminika.

Nyinyi mnaosoma sheria za Kanisa mnajua tunachozungumzia kuliko sisi. Kanuni ya 535 inadai kila parokia iwe na vitabu vyake, ivitunze pamoja na vile vya zamani, na iandike kwenye kitabu cha ubatizo habari za kipaimara na ndoa. Kanuni ya 877 inataja yanayopaswa kuandikwa: majina, mhudumu, wazazi, wasimamizi, mahali na tarehe ya ubatizo, na pia tarehe na mahali pa kuzaliwa. Kanuni ya 1122 inamtaka paroko wa mahali ndoa ilipofungwa apeleke taarifa kule walikobatizwa. Padre wa Dar es Salaam aliitii hiyo ya mwisho. Aliandika kikaratasi, akakituma mpaka mlimani, na padre wa mlimani hakukitupa.

Tusieleweke vibaya. Hatubatizwi ili tupate viza. Neema ya ubatizo haikai kwenye karatasi, na mtoto ambaye kitabu chake kimeliwa na mchwa ni mwana wa Mungu kama wengine. Lakini Bwana wetu mwenyewe alikuja duniani wakati wa kuandikishwa watu. Yosefu na Maria walisafiri mpaka Betlehemu kwa sababu ya amri ya Kaisari Augusto ya kuhesabu watu. Kwa hiyo Kanisa halidharau kalamu, na vitabu vyake humshika mtu kwa jina lake, mmoja mmoja.

Wageni walio kwetu

Tukiwa kwenye kile chumba cha viti tuliwakumbuka wengine ambao hawana mstari popote. Mwaka 2014 nchi yetu iliwapa uraia zaidi ya watu 162,000 wenye asili ya Burundi, waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 pamoja na watoto na wajukuu wao, katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Walikaa miaka zaidi ya arobaini kabla ya kuitwa wenyeji. Sisi tulikaa minne tu tukiwa na mashaka, na usingizi ulikuwa umetutoka.

Nasi huko bondeni na milimani tuna wageni. Wapo waliokuja Uchindile kufanya kazi kwenye mashamba ya miti, misonobari na mikaratusi. Wapo wafugaji walioteremka na ng'ombe wao mpaka Kilombero, ambao wengine wetu tunawaita wavamizi hata kabla ya kuwauliza majina. Wanaleta watoto kanisani. Mara nyingi hawana kadi ya kliniki, hawana jumuiya iliyowazoea, baba ana jina ambalo katekista hajapata kulisikia. Ni rahisi kuwaambia warudi siku nyingine wakiwa na karatasi. Tunaomba msiwaambie hivyo kwa wepesi. Waulizeni yanayopaswa kuulizwa, waingizeni kwenye jumuiya, waandalieni watoto wao ubatizo, na mwandike vizuri. Huenda mstari wenu ukawa ndiyo kumbukumbu ya kwanza ya mtoto huyo duniani.

Ombi letu kwa mafrateri

Wengi wenu mtapelekwa maparokiani katika mwaka wa uchungaji, na paroko atawapa kalamu. Tunawaomba mambo machache, ya watu waliokaa upande wa pili wa meza.

Msiandike jina kwa kukisia. Muulizeni mama alitamke, kisha muulizeni baba kama analiandika hivyo. Msilisahihishe jina la ukoo ili lipendeze Kiswahili.

Andikeni tarehe ya kuzaliwa, na kijiji chenyewe. Msiandike mji wa karibu kwa sababu unajulikana. Uchindile ni Uchindile.

Taarifa ya ndoa ikija kutoka mbali, iandikeni siku hiyohiyo. Na ndoa ikifungwa kwenu, tumeni taarifa hata kama mnahofu kwamba haitafika.

Vitabu vya zamani vitolewe kwenye unyevu na mchwa. Kabati la bati si anasa.

Na ndugu mwema akija kuwaomba mbadilishe herufi moja tu, mjue kwamba hawaombi ninyi mumsaidie mtu. Anawaomba muuharibu msaada ulioandaliwa miaka mingi kabla yenu. Andikeni kilichomo, kisha mwandike barua.

Yule Mkapuchini aliyeteremka na sanduku lake usiku ule hatukupata kumwona wala kumshukuru. Tunajua tu kwamba Jumapili ya Utatu, baada ya Misa na ubatizo, akiwa amechoka na safari ya kurudi ikimngoja, alikaa chini akamuuliza mama mmoja jina la baba wa mtoto, akalisikiliza vizuri, akaandika l.